Mama Hataki Jiji

Mama mkwe wangu, Veronicah, hatulii. Anakaa kwenye stuli, anainuka. Anachuma kahawa tawi moja, anaacha, anaenda kusimama kwenye kaburi la mumewe, mzee Ndambiri, nyuma ya jiko. Kando ya kaburi pameachwa nafasi. Tangu mzee azikwe hatujapanda hata sukumawiki hapo, kwa sababu ni mahali pa mama, na kila mtu wa boma hili anajua.

Yote yaliletwa na baraza la chifu. Alikuja bwana mmoja wa mipango, koti limembana, akatutangazia kwamba mji wa Embu unajiandaa kuwa jiji na sisi wa pembeni tutamezwa. Watu wakapiga makofi! Mimi pia nilipiga, nikiwaza maji ya bomba. Mama akasimama akauliza jiji ni nini hasa. Yule bwana akaeleza: watu wengi, barabara za lami, mabomba ya maji taka, gari la zimamoto, makaburi ya umma.

"Ya umma ni ya nani?" mama akauliza.

"Ya wote, cucu. Ndani ya jiji hakuna kuzika kwenye ploti."

Weee! Mama alitoka pale bila kuaga mtu. Jioni hiyo aling'oa vigingi ambavyo masoroveya walikuwa wamepigilia shambani mwetu, akavitumia kuchemshia githeri.

Mume wangu Runji ni mwalimu wa Kiswahili, na mdomo wake haujui kupumzika. Akadhani atamtuliza mama yake kwa somo. "Mama, jiji ni mji tu uliokuzwa, kama vile jitu ni mtu aliyekuzwa. Na neno mji ni ndugu ya mucii, jina letu la nyumbani. Zamani ulikuwa boma la mtu na watu wake, basi."

"Kama ni mucii," mama akamkatiza, "mbona wanitenge na baba yako?"

Runji angenyamaza hapo! Lakini wapi, akaongeza kwamba tutamtafutia kashamba Ishiara, nje ya jiji, azikwe huko.

"Ishiara, na jua lile? Kwani mimi niliolewa Ishiara?"

Hakugusa chakula. Haki, nilitamani kumziba mume wangu mdomo kwa mwiko.

Kesho yake nikajaribu mimi. "Mama, usijisumbue. Mambo ya serikali huenda polepole. Hilo jiji labda litachukua miaka kumi."

"Kumi," akasema, akaendelea kumenya ndizi. Nikafikiri nimemtuliza.

Jumapili mchungaji akawaita wazee mbele awaombee. Nilimshika mama mkono nikasimama naye. Mchungaji akamwekea mkono kichwani, akamsihi Mungu ampe miaka mingine mingi, aone vitukuu. Kanisa zima likaitika Amina. Mama alikuwa amekaza midomo.

Tuliporudi kuketi akanivuta sikio karibu. "Kawira, mwambie asiniombee hivyo. Nitachelewa."