Wiki Tatu za Kujibu "Mzuri"

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyobishana na shangazi yangu juu ya mahindi makavu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kabla ya kuugua nilikuwa mnunuzi wa mahindi pale Moi's Bridge, na nilijulikana kwa jambo moja: sikuhitaji mashine ya kupima maji. Nilitia punje kwenye mkebe wa gorogoro, nikautikisa karibu na sikio, nikasema haya yamekauka, haya bado. Mahindi makavu hulia kwa sauti nyembamba. Yenye maji hulia kama yamefunikwa blanketi.

Kisha nikapata kifua kikuu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Miaka ile dawa zake zilikuwa ndio kwanza zimefika kwetu. Nilikwenda kliniki moja mjini Kitale kudungwa sindano siku baada ya siku, na kumeza vidonge vya kujaza kiganja. Shangazi aliliacha shamba lake Tongaren akaja kunipikia. Kufikia mwezi wa nne makohozi yangu hayakuwa na viini vya ugonjwa tena. Lakini nilitapika kila asubuhi, nyayo zilikufa ganzi, na masikioni mlikuwa na mlio kama wa nyenje, usiokoma.

Kila siku nesi aliniuliza, "Habari ya leo?" Nami nilijibu, "Mzuri, Sister." Ndivyo tulivyolelewa: mtu akikujulia hali, humwagii maumivu yako. Sitakuficha kwamba kulikuwa na sababu nyingine. Nilimjua mtu wa Myanga aliyeziacha sindano hizo, na tulimzika. Nikadhani nikitaja masikio nitaondolewa dawa, nami nife kama yeye.

Asubuhi hiyo shangazi alikuwa ameletewa gunia kutoka shambani. Nikatikisa gorogoro. "Bado iko na maji," nikasema.

Aliuma punje moja. "Ati maji? Si hii ni mawe, bana. Tikisa tena."

Nikatikisa. "Aunty, mnunuzi ni mimi ama ni wewe?"

Akachukua mkebe, nami nikainama kulifunga gunia. Nilipogeuka nilimkuta amesimama nyuma yangu, hatua mbili kutoka kisogoni, akiutikisa.

"Nimetikisa mpaka mkono umechoka," akasema. "Hiyo masikio imeanza lini?"

"Wiki tatu."

"Na Sister anajua?"

"Ataniachisha dawa."

"Kwani alikuambia hivyo?"

"Hapana."

"Basi umejipatia udaktari wewe mwenyewe."

Alifuatana nami hadi kliniki. Nesi alipouliza habari, shangazi aliwahi kujibu. "Sister, huyu ako na adabu mingi sana. Usimuulize habari. Muulize kama anasikia." Kisha akanigeukia. "Salamu ni ya barabarani. Hapa umekuja kusema chenye kinakuuma."

Nikasema yote. Nesi hakunikemea. Aliandika, akanipeleka kwa daktari, nikapimwa masikio. Sauti nyembamba zilikuwa zimekwenda, na daktari alinieleza wazi kwamba hazitarudi. Sauti za mazungumzo zilikuwa bado zimo. Sindano ile ikasimamishwa, nikapewa dawa nyingine mahali pake, na matibabu yakaendelea hadi nikapona. Leo ukininong'oneza sikusikii, na biashara ya mahindi niliiacha. Huenda ningeokoa zaidi kama ningesema wiki ya kwanza. Sijui, na daktari naye hakudai kwamba anajua.

Mwanangu, nawe sasa umo kwenye dawa kali, na wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sikufika kwenye kilio, lakini nilikiona kwa karibu. Dawa kali ina madhara yake, na kuyataja si kuikataa. Usiiache kimyakimya, wala usiimeze kimyakimya. Kabla ya kutoka nyumbani kwenda kliniki, upitie mwili wako kuanzia kichwani hadi nyayoni: macho, masikio, tumbo, miguu, hata usingizi na mawazo yako, maana zipo dawa zinazofika huko pia. Ukikuta kilichobadilika, kitaje, hata kama ni kidogo, hata kama hujaulizwa. Kubadilisha dawa ni kazi ya daktari. Kusema ni kazi yako, na hakuna atakayekufanyia.

Mungu akupe nguvu ya kufika kidonge cha mwisho, na akuweke karibu na mtu atakayekuuliza mara ya pili.