Nilivyokwenda Itetemia Kuomba Masega Nikinukia Udi

Niliondoka Nzega kwa sababu ya nta. Nilisomea uchumi chuoni, na tasnifu yangu ilihusu mchango wa ujasiriamali katika kukua kwa uchumi wa Japani: jinsi karakana ndogo zilivyozaa viwanda, viwanda vikaleta ajira, ajira zikaleta kodi. Nilipata alama nzuri, lakini mimi mwenyewe sikuwahi kuuza hata kiberiti. Sasa nilikuwa nimejaribu kutengeneza dawa ya viatu kwa nta ya nyuki jikoni kwa mama, na makopo manne yalikubali. Nje ya Itetemia, karibu na Tabora mjini, kulikuwa na kikundi cha warina asali ambacho hukamua asali na kutupa masega yenye nta shimoni. Nilitaka wanitunzie masega ya msimu mzima. Wakikataa, sikuwa na mpango wa pili.

Ijumaa saa tisa alasiri nilipanda basi la Tabora. Njia nzima nilifanya mazoezi ya salamu. Nianze na shikamoo kwa wote, au nimtafute mkubwa wao kwanza? Na wakiniuliza nina kiwanda wapi? Tulipoingia stendi nilikuwa nimeshakataliwa mara saba kichwani mwangu.

Jioni nilifika Gongoni kwa shangazi Mwajuma, ambaye ni mshonaji. Aliposikia ninakokwenda aliwasha chetezo cha udi, akatandaza shati langu jeupe juu yake.

"Unakwenda kuomba, mwanangu. Usiende unanuka basi."

Nilijiuliza kama udi unafaa msituni. Kisha nikajiuliza kama kumkatalia ni kukosa adabu. Nilipomaliza kujiuliza, shati lilikuwa limeshafukizwa, na suruali pia.

Jumamosi alfajiri bodaboda ilinipeleka hadi mashamba yalipoishia. Dereva alinionyesha mahali ambapo misafara ya zamani ilipita, wapagazi wakiwa na pembe na nta vichwani, miezi mitatu kwa miguu hadi pwani. Niliona aibu. Mimi niliogopa mazungumzo tu.

Kambini nilipokewa na Mama Nyamizi, katibu wa kikundi, ambaye dereva alikuwa amempigia simu kwamba kuna mtu anafuata masega.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa masega? Sogea uone kazi kwanza."

Juu ya mti mmoja, mrina mmoja aitwaye Shija alikuwa akiteremsha mzinga wa gome kwa kamba. Nilisogea. Sauti ya nyuki ilibadilika, na kabla sijaelewa walikuwa usoni mwangu.

"Ingia kwenye moshi! Moshi, wewe!" alipiga kelele Mama Nyamizi.

Nilikimbilia kwenye moshi wa moto uliowashwa chini ya mti. Shija aliachia kamba, mzinga ukaanguka na kupasuka, naye akashuka mbiombio, jicho moja likiwa limeanza kuvimba. Mama Nyamizi alininusa begani.

"Nyuki hawapendi manukato. Nani kakufukiza?"

"Shangazi. Wa mjini."

"Udi! Baba, nyuki wamekuona bwana harusi, wamekuja na vigelegele!"

Warina wengine walicheka hadi wakakaa chini. Shija hakucheka. "Mimi ndiye nimelishwa pilau," alisema, akijishika jicho.

Niliomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikaanza kuaga. Mama Nyamizi akanizuia. Kwao, aliyemwagisha mzinga hukaa akamue kilichookotwa. Wakanivua shati, wakanifunga gunia, wakaniweka mbele ya beseni. Nilikamua hadi vidole vikafa ganzi. Hapo ndipo nilipotoa ombi langu, bila hata neno moja la yale niliyoyafanyia mazoezi. Nikasimulia pia nilichosoma chuoni juu ya Wajapani.

"Mwaka juzi alikuja mwingine kama wewe," alisema Mama Nyamizi. "Tukamwoshea masega, tukamkaushia, tukaacha kazi zetu. Hakurudi. Nondo wakala yote. Hebu niambie, hao Wajapani uliowasoma, anayeharibu wanamfanya nini?"

Niliwaza kusema kwamba kule hawaharibu. Lakini haikuwa kweli. "Wengi wanaharibu," nilisema. "Biashara nyingi zinakufa. Sheria inamruhusu mtu aanze tena, na uchumi wao ulikua kwa sababu walioanza walikuwa wengi. Ila wa mara ya kwanza hapewi mali yote ya watu. Anaanza na kidogo."

Nilijua nimejifungia mlango mwenyewe.

"Shija, umesikia?" alisema Mama Nyamizi.

"Nimesikia. Apewe ndoo moja ya masega," alisema Shija. "Arudi nayo ikiwa kitu."

"Ndoo moja, mwanangu. Mavuno yajayo ni baada ya wiki sita. Ukija na kitu tutakaa tena. Na usije unanukia."

Jumapili nilirudi Nzega na ndoo mapajani na uso kama andazi. Kwenye tasnifu nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya waliofanikiwa, na mistari minne tu juu ya walioshindwa. Sikuandika kabisa juu ya watu waliowakabidhi hao walioshindwa mali yao, wakabaki wanasubiri.

Leo nimeyeyusha nta yote. Makopo sita yamekubali, matatu dawa yake imepasuka juu, na sijui kwa nini. Nimeyafunga yote tisa kwenye boksi moja. Wiki sita zikifika nitayapeleka Itetemia jinsi yalivyo, na yaliyopasuka nitayaweka mbele, Shija ayaone kwanza.