Kigango cha Babu katika Bustani ya Memsabu

Nilikuwa ningali mtoto, wa umri wa kutumwa maji kisimani na kusahau ndoo huko huko, Baba alipotupeleka kuona maonyesho ya bustani kule Diani. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mzungu bado ndiye serikali. Baba alimtunzia bustani mama mmoja wa Kizungu, mjane, tuliyemwita memsabu, aliyependa maua na vitu vya kale. Mara moja kwa mwaka mama huyo aliwafungulia watu lango waje kutazama, na mwaka ule akaruhusu wafanyakazi walete jamaa zao.

Tulikwenda sote: Baba, Mama, Bibi mzaa baba, na mimi. Mama alinipaka mafuta hata nikang'aa. Baba alitangulia, akitutajia maua moja moja kama watoto wake.

"Hili nililipanda kwa mkono wangu, mama," alimwambia Bibi.

"Haliliwi," Bibi alicheka. "Lakini umelitunza, mwanangu."

Nyuma ya maua palikuwa na banda la makuti lenye vinu, ngoma na vibuyu vilivyofungwa vikaratasi vya maandishi. Mlangoni pa banda, katikati ya maua mekundu, kilisimama kigango.

Kwetu Waduruma, mzee wa heshima akifa na kuanza kuwajia watu ndotoni, huchongewa kigango: ubao wa mti mgumu wenye kichwa cha duara na mabega, ukachimbiwa ardhini. Kikishasimama hakiondolewi, hata jamaa wote wakihama mji. Watu hawasemi ni mfano wake. Husema ni yeye. Na hiki kilikuwa na ufa wa moto begani. Hata mimi nilikijua. Kilikuwa cha Babu, tuliyemwacha katika mji wetu wa zamani, upande wa Kinango.

Bibi alisimama. Hakupiga kelele. Alichuchumaa akakiamkia kama mtu anavyomwamkia mumewe aliyerudi safarini.

Mama aliniambia miaka mingi baadaye kwamba memsabu aliwataka wafanyakazi wake wamletee vitu vya kale, na Baba, kwa kuogopa kuonekana hana faida, akaenda peke yake kukichimbua. Alidhani kimefungiwa ndani ya nyumba. Hakujua kwamba asubuhi ile kilitolewa nje kipambe maua.

Memsabu alitujia akitabasamu, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Mama huyu nasema nini?"

Bibi hakujua Kiswahili ila maneno mawili matatu. Alimgeukia Baba, akasema kwa Kiduruma, kwa adabu kabisa: "Mwambie huyu ni mume wangu. Simlaumu, hakujua. Namwomba niende naye nyumbani."

Baba alimgeukia memsabu. "Anasema maua yako ni mazuri sana, memsabu."

"Oo! Asante, mama. Asante sana!" Memsabu akamshika Bibi mikono yote miwili.

Neno asante Bibi alilijua. Uso wake ulifunguka. Aliweka fimbo chini, akakikumbatia kigango, akaanza kukivuta. Maua yakakanyagika, wageni wakageuka kutazama, memsabu akaacha kutabasamu. Ikabidi Baba amfungue Bibi vidole, kimoja kimoja.

Hapo Bibi alimtazama. "Ni wewe uliyemng'oa."

Baba aliinama kuyasimamisha maua yaliyokanyagika.

"Basi nawe hutajulikana ulipolala."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeleta habari.

Haukupita mwaka, memsabu akauza nyumba, akarudi kwao Ulaya na masanduku yake, kigango kikiwa ndani. Baba hakuwa tena na kazi. Akavuka kwenda Tanga kukata mkonge. Habari tuliletewa na mwenzake: homa, siku nne, wakamzika wenyewe. Mama na ami yangu walikwenda kulitafuta kaburi. Wakakuta shamba limelimwa upya, na msimamizi akanyoosha mkono juu ya mistari ya miche: "Ni hapa, au pale. Walizikwa wengi."

Bibi alipoambiwa, alilia kama mtoto. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alikuwa akichukua maji kinywani, akiyatema chini, akisema amelirudisha neno lake, amesamehe. Alifanya hivyo mpaka akafa. Hakuna kilichorudi.

Wanangu huniuliza kama naamini ni koma ya Babu, mzimu wake, iliyomwua baba yangu. Sijui. Homa iliwaua wengi ambao hawakung'oa kitu cha mtu. Ninalolijua ni kwamba siku ile, pale penye maua, mimi nami nilikuwa nazijua lugha zote mbili. Nilisikia alichosema Bibi, na nilisikia alichosema Baba, nikashika kanga ya Mama nikanyamaza. Nimezeeka nikiyapanga yale maneno kwa Kiswahili safi, na hakuna aliyebaki wa kuambiwa.