Kisima Chini ya Choo cha Mama Mkwe

Mtu asinieleze habari za Kefa. Nimemvutia kamba miaka tisa. Yeye anashuka shimoni na sururu, mimi Miraji nabaki juu navuta ndoo ya udongo. Hapa Ihanja ukiona kisima kisichokauka Septemba, au choo kisichotitia masika, uliza, utaambiwa ni sisi. Visima na vyoo, vyote tunachimba. Watu wanatucheka, eti mkono huu unatoa maji na huu unatoa nini. Wacheke tu, kazi ni kazi.

Na Kefa kazi yake anaijua. Anaokota udongo, anausugua, anaunusa, mara nyingine anauweka kwenye ulimi, halafu anakwambia futi ngapi. Mbele ya mteja mdomo wake ni wembe. Kuna bwana mmoja mwenye mashine ya alizeti alitaka kisima karibu na choo ili bomba lisiwe refu. Kefa akamtupia sururu miguuni: "Chimba mwenyewe, unywe mwenyewe!" Tukaondoka. Bwana afya amesema mita thelathini, na Kefa anasema hata bwana afya asingesema, pua zinasema.

Basi huyo simba, mpeleke kwa mama mkwe wake uone anavyogeuka kondoo.

Huku kwetu mkwe anaheshimiwa, sikatai. Lakini Kefa amezidi. Akimwona mkwewe huyo, Mama Joyce, njiani anaingia kwenye shamba la mtu. Anamwamkia shikamoo huku anatazama mlima. Akiwa nyumbani kwa mama huyo akibanwa na haja, anavuka mbuga nzima kwenda kujificha kwenye mtama, kwa sababu choo cha mama mkwe hakiingiliki, na neno lenyewe halitamkiki. Nimemsubiri hapo mara nyingi, jua la saa saba, nikimlaani.

Mwaka jana mkewe, Joyce, alishika mimba ya pili, na mtoto wao wa kwanza, Scola, alikuwa bado ananyonya. Alikuwa na mwaka na nusu. Wakafanya kama tunavyofanya wote, mtoto akapelekwa kwa bibi yake aachishwe ziwa. Anachokula bibi ndicho anachokula Scola, na anachokunywa bibi ndicho anachokunywa. Hilo mlishike.

Mama Joyce alikuwa anachota maji lamboni. Pampu ya kijiji ilikufa kabla ya mavuno na hakuna aliyekuja hata kuiangalia. Lambo lenyewe ng'ombe wanaingia mpaka matumboni, wanakunywa na kukojoa hapo hapo, halafu wewe unasogeza povu kwa kiganja unachota. Ptuu! Nyonga inamuuma, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Akamwita mkwe wake amchimbie kisima nyumbani. Nani angekataa?

Tukafika mwezi wa kumi, nchi nzima imekauka rangi ya ngozi ya punda. Mama Joyce akatupeleka nyuma ya nyumba, akaonyesha kwa kidole kipande cha nyasi mbichi, zimenawiri utadhani Januari.

"Hapa," akasema, macho ameyageuzia ukutani kwa adabu. "Angalieni wenyewe nyasi zilivyo. Maji yapo karibu."

Nikainua macho. Juu ya zile nyasi, mteremkoni, hatua kumi na mbili tu, kimesimama choo chake. Maji yalikuwepo, ndiyo, na nilijua yanatoka wapi. Zile nyasi zilikuwa zinanyonya mavi.

Nikamtazama Kefa. Nikajua sasa sururu itaruka.

"Sawa, mama," akasema.

Sawa mama! Nilimvuta mpaka nyuma ya zizi. "Wewe una wazimu? Mwambie!"

"Nimwambie nini? Nianze na neno gani?"

"Uanze na choo."

Akaniziba mdomo kwa kiganja, kiganja chenyewe kichafu. "Nyamaza! Atasikia."

"Basi nitamwambia mimi."

"Miraji, wewe ulikuwa mshenga wangu. Ukisema wewe nimesema mimi. Watasema Kefa anaenda kwa mkwewe kupima choo chake." Halafu akashusha sauti. "Sikiliza. Singida hii hakuna pasipo na jiwe. Futi sita tutagonga mwamba, tutamwambia pamekataa, tutahamia kule juu. Hakuna atakayeaibika."

Na mimi, mpumbavu mwenzake, nikakubali. Niliona ni akili.

Jamani, miaka tisa tunachimba, mawe yametuvunjia mitaimbo, yametufukuzia wateja, na siku tuliyoyaomba hayakutokea! Udongo ulikuwa laini kama ugali wa jana. Futi sita, hamna. Futi nane, hamna. Futi ya kumi ukaanza kubadilika rangi, mweusi wenye ukijani, unateleza, na harufu ikapanda na ndoo. Nikawa navuta kamba huku uso nimeugeuza, nanyunyiziwa matone kwenye mkono, najifuta kwenye suruali, nasikia kinyaa mpaka kwenye meno. Kefa mle chini amejifunga shati puani. Nikamwita, "Bado hujaona aibu kubwa kuliko hii?" Akanijibu, "Vuta!"

Siku ya nne, futi ya kumi na mbili, maji yakaja, na mfano wake haujawahi kuonekana kijijini, maana wengine huchimba futi arobaini wakapata tope. Kefa alipotoka alinawa na sabuni mara tatu, akakataa kula. Mama Joyce alipiga vigelegele. Alichota ndoo jioni ile ile akaiacha itulie, akawaalika majirani waje asubuhi, Jumapili baada ya ibada.

Sasa, kazi yetu ina desturi yake. Maji ya kwanza anaonja aliyechimba, mbele za watu. Kama mwenyewe hayanywi, nani atayanywa? Mama Joyce akaweka kikombe juu ya kigoda, maana mkwe hampi mkwe mkononi, akarudi nyuma. Majirani kumi na kitu wanatazama. Kefa akakichukua. Nikasema moyoni, sasa atasema. Akanywa. Yote! Niliona koo lake linavyopanda na kushuka. Niliposogezewa cha kwangu nikasema nimefunga. Watu wakanitazama. Nani anafunga sunna Jumapili? Sikujali.

Ndipo Mama Joyce akampakata Scola, akachota kikombe kidogo cha plastiki.

Kefa alikurupuka, akakipiga kile kikombe, maji yakamwagika kwenye kanga ya mama mkwe wake. Watu wakaguna. Yeye akasimama anatweta.

"Hayajatulia," akasema, akitazama chini. "Mtoto mdogo... asubiri kidogo."

Nilitamani kumzaba kofi.

"Asubiri nini, baba Scola?" Mama Joyce akasema, anakung'uta kanga. "Jana jioni alilia kiu nikampa. Vikombe viwili. Leo hana raha, tangu alfajiri anahara, lakini hayo ni meno."

Kefa akageuka rangi. Akamnyang'anya mtoto mikononi, akamwangalia macho. Yalikuwa yamedidimia, mdomo umekauka. Akakimbilia barabarani. Tukapanda bodaboda mbili mpaka zahanati, Kefa na mtoto mbele, mimi na Mama Joyce nyuma, kanga yake bado imelowa na inanuka. Njia nzima nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Sikumwambia. Najichukia mpaka leo.

Nesi alimbinya mtoto ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. "Ameanza lini? Amekula nini? Amekunywa nini?"

"Ni meno," Mama Joyce akasema.

Nesi akamtazama Kefa. Kefa akamtazama mama mkwe wake, kisha akatazama dirishani. Midomo inacheza, sauti haitoki. Scola akatapika, kimaji kitupu, kwenye shati la baba yake.

"Choo," Kefa akasema. Halafu kwa nguvu, chumba kizima kikasikia: "Amekunywa maji ya choo! Choo cha mama kinaingia kwenye kisima. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nimechimba mavi siku nne, nikijua!"

Nesi hakushangaa hata kidogo, akaandika, akaenda kuandaa dripu. Tukabaki watatu kwenye benchi. Kefa ameinamisha kichwa anasubiri laana. Mama Joyce akamgeukia, akamtazama usoni, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Kwani baba Scola, ulidhani mimi sinyi? Choo kile nilijengewa cha kuangalia?" Sauti ilikuwa inatetemeka. "Ungeniambia siku ile, ningeona aibu mpaka jioni. Jioni ningepika, tungekula. Na wewe, Miraji, mshenga mzima! Mmenistahi mimi, mkamwacha mtoto anywe."

Angetutukana ingekuwa nafuu.

Scola alitundikiwa dripu siku mbili. Tulikaa hapo hapo, Kefa naye akihara kwa kile kikombe chake, anaenda na kurudi, na safari hii akiaga kwa sauti anakokwenda. Asubuhi ya tatu Scola akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Maji."

Nesi alikuwa ameacha jagi la maji yaliyochemshwa hapo kando, na kikombe safi. Mama Joyce akamtazama Kefa. Kefa akanitazama mimi. Mtoto akasema tena, "Maji," akanyoosha mkono, na kati yetu watatu hakuna aliyethubutu kumpa.