Kufuli Namba Tisa

Ukitaka kuniita mwongo, niite sasa hivi, maana nikishaanza sitarudisha hata neno moja. Haya yalinipata mimi, nikiwa na akili zangu timamu, saa tisa mchana, huko Rågsved, kusini mwa Stockholm.

Nilikuwa mgeni wa Mama Aline, Mrundi aliyewahi kuwa jirani yetu Kigoma. Mchana nilizunguka mji kwa treni na kwa miguu, jioni nikarudi kwake kula. Alinipa kitanda chake, yeye akalala sebuleni. Kitu kimoja tu kilinikera. Alitoka kazi ya usafi uwanja wa ndege, kisha akainama kwenye beseni la kuogea kufua nguo za watu wanne kwa mikono. Viganja vilikuwa vimepasuka hadi kutoa damu. Na chini ya jengo kulikuwa na chumba cha mashine za kufulia, bure kwa wapangaji wote.

Utaratibu wao ni huu. Ukutani kuna ubao wa siku na saa, na kila nyumba ina kufuli lake dogo lenye namba. Unalitundika kwenye saa unayotaka, na hakuna Mswidi atakayegusa zamu yako. Mama Aline alipata nafasi Alhamisi mchana tu, na hapo palikuwa na kufuli namba tisa.

"Ile saa iko na mwenyewe, dada," akaniambia. "Yule bibi wa namba tisa alikufa mwaka ule tulihamia. Wanatoa kufuli, linarudi. Nilimuona mara moja. Mimi sishuki tena."

"Sasa marehemu anafua nini?"

Hakucheka. Binti yake Aline, ambaye humjibu mama yake kwa Kiswidi siku zote, safari hii alisema kwa Kiswahili: "Shangazi, usiende."

Nilikwenda. Ile damu ya viganjani ilinikera, nikasema liwalo na liwe. Alhamisi nikateremka na kapu la mashuka na bisibisi. Nikalibandua kufuli namba tisa, nikalitia mfukoni, nikatundika la Mama Aline.

Nje giza lilishaingia, kwani wakati wa baridi jua la huko huzama mapema. Nilipokuwa natoa mashuka kwenye mashine, nikahisi mtu nyuma yangu. Mlango ule hulia kila unapofunguliwa, na niamini, haukulia. Alikuwa kikongwe wa Kizungu mwenye koti la buluu. Viatu vyake vilikuwa na theluji, na chumba kina joto la jikoni, lakini haikuyeyuka.

Akachukua shuka mkononi mwangu, akalinyoosha, akanipa ncha mbili. Wewe ungefanyaje? Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja, nami nilimhurumia. Nikashika. Tukalivuta, tukasogeleana, vidole vyake vikagusa viwili vyangu. Akalikunjua tena, akanipa ncha. Tukakunja, akakunjua. Niliona kama dakika chache, lakini saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi na moja, na ganzi imenipanda hadi magotini. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuja kufua. Alitaka mtu wa kushika upande wa pili, asiondoke.

Nikaachia ncha zangu.

"Pole, bibi," nikasema. "Lakini zamu yako imekwisha. Hii ni ya Mama Aline."

Akaninyooshea kiganja, akidai kufuli lake. Nikalishika mfukoni kwa nguvu.

"Sitoi."

Kisha shuka likaanguka sakafuni, na hapakuwa na mtu.

Tangu siku ile vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havisikii moto, naepua sufuria bila kitambaa. Mama Aline anafua kwa mashine kila Alhamisi, na juzi alinitumia picha ya viganja vyake. Vimepona. Kufuli nilirudi nalo Kigoma, liko kwenye kabati la vyombo. Na kila Alhamisi mchana, nguo nilizoanika uani nazikuta zimekunjwa.

Kwa hiyo wewe, ukikaribishwa kwa watu ukaambiwa usiguse kitu, uliza kwanza ni cha nani. Na ukikuta mtu usiyemjua anahangaika na shuka peke yake, usishike ncha ya pili. Mimi nimeshashika. Leo ni Alhamisi, nimeanika mashuka mawili makubwa, na nimekaa hapa mlangoni. Akilitaka kufuli, aje aniombe mwenyewe. Sitoi.