Nyota Nyekundu Yarudishwa Nyuma

Shangazi yangu Mukakalisa hakujua kunong'ona. Akiomba chumvi jikoni, watu wa mlima wa pili walisikia. Mwaka wa 1954 alitaka kuwa mwalimu mwanamke wa kwanza katika shule ya mlima wetu, karibu na kijiji cha Kingi. Kila asubuhi yeye ndiye aliyebeba kibuyu cha maziwa kwenda kuyauza centre, penye maduka na soko, kwa hiyo baba yake, Kanamugire, alimwekea sharti.

"Somo ya kujaribu iko moja tu. Ukianguka, unarudia kibuyu yako, na hatutaongea tena juu ya hii."

Padri mkaguzi alimpa somo la nyota, na karatasi moja aliyoinakili kwa mkono: herufi O, B, A, F, G, K, M, pamoja na rangi zake, kuanzia buluu, nyeupe, njano na machungwa hadi nyekundu. Wataalamu wa nyota, karatasi ilisema, huzipanga hivyo kwa sababu rangi huonyesha joto. Upande wa moto ni upi, haikusema. Shangazi aliziona zile herufi zimeruka-ruka, akasema aliyezipanga alikuwa na usingizi. Kisha akaamua kwa akili ya zizini. Kwao ng'ombe hujulikana kwa rangi, na kundi la Kanamugire likihama malisho, gaju, yule mwekundu, ndiye hutangulia. Basi nyota nyekundu mbele, ndizo kali. Buluu nyuma kabisa, baridi kama ukungu wa asubuhi.

Siku ya somo aliandika hivyo ubaoni kwa herufi kubwa, bila wasiwasi wowote. Mkaguzi aliitikia kwa kichwa. Mlangoni alikaa Hakorimana, mhunzi, aliyeleta majembe ya shamba la shule. Akacheka.

"Papa Hakorimana, unacheka nini?"

"Unisamehe, Mwalimu. Chuma yangu ikikuwa nyekundu, moto njo unaanza tu. Ikikuwa ya njano, napiga. Ikikuwa nyeupe, nikichelewa kidogo, inaungua."

 Shangazi alikiona kibuyu kinamngoja. Angeweza kumfukuza mhunzi yule, na mkaguzi, aliyekwisha kuitikia, asingepinga.

"Papa, kuja huku mbele," alisema. "Sema tena, watoto wasikie."

Mhunzi akasema tena. Shangazi akafuta ubao wote, akaandika upya: buluu juu, zenye moto kupita tanuru lolote; jua letu katikati, kwenye njano; nyekundu chini, zenye moto mdogo kuliko zote.

"Kwa nini umefuta?" mkaguzi akauliza.

"Kwa sababu nilikosea, Mon Père. Watoto hawataenda nyumbani na kosa yangu."

Padri alifungua kitabu alimonakili ile karatasi. Alisoma polepole, masikio yakamwiva kwa aibu.

"Na mimi nilikuwa nimekubali," alisema, akatia sahihi kwenye barua ya kumkubali awe mwalimu.

Jioni Kanamugire alisikiliza habari yote, na roho ikamuuma kwa ajili ya gaju wake.

"Nyekundu njo ya mwisho?"

"Ya mwisho, Papa."

 Jumatatu watu wa centre walimwona mzee mwenye ng'ombe arobaini amebeba kibuyu cha maziwa mwenyewe. Wakamcheka, wakamuuliza binti yake yuko wapi.

"Mutoto yangu iko anafundisha!" akajibu, kwa sauti iliyofika mlima wa pili.