Mkaguzi Aliyekwepa Kivuli

Mhandisi mkaguzi alikuwa na mikono laini kama ya bibi harusi, na kofia ya usalama isiyojua vumbi. Kila alipokuja kukagua ghorofa jipya la shule, alishusha kioo cha gari, akazitazama nguzo kama mtu anayechagua nyanya, akasema, "Safi, endeleeni," akaondoka. Kifaa cha kupimia zege hakikuwahi kutoka kwenye buti la gari.

Siku ya makabidhiano jua lilikuwa kali. Mwalimu mkuu akamwekea kiti kivulini, chini ya roshani. Mkaguzi akainua macho, akaitazama roshani aliyoipitisha mwenyewe, kisha akakiburura kiti hadi juani.

"Hapa panatosha, mama," alisema, jasho likimtiririka.

Mwalimu mkuu akamtazama, kisha akainua macho kwenye roshani. Akawageukia wanafunzi walioshaingia madarasani. "Tokeni humo! Nyote, tokeni!"